Pengwini wa Cape, wa Galápagos, wa Antaktika au wa Dubai: ukitokea Uganda, uende wapi?

Pale Kayabwe, Uganda, ikweta inapokatiza barabara ya Masaka, kuna zile duara mbili nyeupe za saruji ambamo kila mpita njia lazima apigwe picha, mguu mmoja kaskazini mwa dunia na mwingine kusini. Sikukuu ya Idi nilikuwa hapo na dada yangu na mwanawe Hamza, mwenye miaka 9. Mkononi alishika rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai mawili, na mafuta yalishamfika kiwikoni. Kijana wa mabeseni alikuwa amemaliza kutuonyesha maji yanayozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule. Ni kiinimacho tu, mkono wake ndio unaoyazungusha, lakini tulilipa kwa furaha.

"Mjomba," Hamza akaniuliza, "mwalimu amesema kuna pengwini wanaoishi kwenye mstari huu huu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mjomba."

Mama yake akadhani tunataniana. Nikamwonyesha kwa kidole: ukiufuata mstari huu kuelekea machweo unavuka Kongo zote mbili, Gabon, bahari ya Atlantiki, Brazil, Kolombia na Ekuador, kisha unaingia tena baharini kiasi cha kilomita 1,000, na hapo unakikuta kisiwa cha Isabela katika funguvisiwa la Galápagos. Wapo pengwini pale, tena wachache wamevuka hadi upande wa kaskazini wa mstari, jambo ambalo hakuna pengwini mwingine wa mwituni anayelifanya.

"Basi kaka, utupeleke," dada akasema. "Zamu yangu ya kupokea mchango wa kikundi inafika mwaka huu."

Kazi yangu ni kukatia watu tiketi, katika ofisi ya vyumba viwili katikati ya Kampala, na kila mwaka hawakosi wateja wawili watatu wanaotaka kuwapeleka watoto wakawaone pengwini. Karibu wote huingia na picha moja kichwani: barafu. Picha hiyo ndiyo inayowatia gharama. Mtu anauliza bei ya Antaktika, anashika kichwa, anaondoka na kuona kwamba pengwini si ndege wa watu wa hali yake. Kumbe bara letu lina pengwini wake, na safari ya kumfikia ni siku moja kutoka Entebbe.

Anafuata samaki, hafuati barafu

Pengwini (vitabu vya shule vingine humwita ngwini) wako aina 18 hivi. Wanaozaa kwenye barafu na theluji ni aina chache tu. Wengine wako kwenye pwani za mchanga, vichakani, misituni huko Nyuzilandi, na hata kwenye mapango ya mawe ya volkano. Kinachowaunganisha wote ni mambo mawili, na ukiyashika hayo mawili utaweza kubahatisha kwenye ramani bila kufundishwa.

La kwanza ni bahari yenye samaki wengi karibu na nchi kavu. Pengwini ni ndege aliyeuza mbawa akanunua mapezi. Mifupa yake ni mizito, hawezi kuruka hata kimo cha kuku, lakini majini hakamatiki: emperor, yule mkubwa kuliko wote, hupiga mbizi zaidi ya mita 500. Sasa ndege asiyeruka hawezi kwenda kilomita mia tatu kutafuta chakula na kurudi jioni kulisha kifaranga. Samaki lazima wawe jirani. Na baharini samaki hawajagawanywa sawasawa. Kuna mahali upepo husukuma maji ya juu kuyatoa pwani, na maji baridi ya kilindini yakapanda kushika nafasi yao. Mtu aliyekoroga uji anajua: kilichotuama chini kinapanda juu. Maji hayo yanapanda na rutuba, rutuba ikikutana na jua huota mimea midogo isiyoonekana kwa macho, wadudu wa majini wakaila, sadini na dagaa wa baharini wakawala wadudu, na pengwini yupo mezani anasubiri. Ndivyo ulivyo mkondo wa Benguela upande wa Namibia na Afrika Kusini, na mkondo wa Humboldt upande wa Chile na Peru. Galápagos wana wao unaoitwa Cromwell, ambao hupita chini kwa chini kutoka magharibi, ukagonga miguu ya visiwa vya Isabela na Fernandina, ukapanda juu na baridi yake. Ndiyo maana ikweta ile ina pengwini na hii ya Kayabwe ina rolex.

La pili ni nchi kavu isiyo na wanyama wanaokula nyama. Pengwini akiwa nchi kavu ni kama mtu aliyevaa gunia hadi magotini. Hana mbio, hana pa kupanda, na yai lake liko chini. Kaskazini mwa dunia barafu ipo na samaki wapo, lakini wapo pia dubu wa barafu na mbweha. Kulikuwa na ndege wa huko aliyefanana na pengwini, mweusi kwa mweupe, asiyeruka, na kwa kweli yeye ndiye aliyeitwa pengwini kwanza kabla mabaharia hawajalihamishia jina hilo kwa hawa wa kusini. Binadamu walimmaliza. Jozi ya mwisho inayojulikana iliuawa kisiwani Eldey, Iceland, mwaka 1844.

Hamza aliniuliza pia, mbona hawapo Ziwa Victoria, samaki si wapo? Wapo, mukene (dagaa wa ziwani) ni wa kumwaga. Lakini maji yale juu yake yana joto la nyuzi 25 hivi, na kwa ndege aliyevaa koti la manyoya mazito juu ya mafuta hiyo ni sauna. Ufukweni wako mamba na kenge wanaopenda mayai. Halafu kuna mbu. Pengwini wengi waliofugwa sehemu za joto wamekufa kwa malaria ya ndege, ambayo si hii yetu lakini nayo huletwa na mbu, na kwa mbu Entebbe haina mpinzani. Na Rwenzori je? Theluji ipo pale Margherita, mita 5,109 juu, tena karibu kabisa na ikweta. Ipo theluji bila samaki. Pengwini hana haja nayo.

Cape: huyu ni wa kwetu

Pengwini wa Afrika ndiye pekee anayezaa katika bara hili, na anazaa Namibia na Afrika Kusini tu. Ana urefu wa sentimita 60 na kitu, uzito wa kilo 3 hivi, mstari mweusi kifuani kama mtu aliyevaa mkufu, na madoa meusi ambayo hayafanani kwa ndege wawili, kama alama za vidole. Juu ya macho ana kipande cha ngozi ya waridi. Joto likizidi, damu hukimbilia hapo ikapozwe na upepo, ndiyo maana mchana wa jua kipande hicho huiva zaidi. Huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba huyu si ndege wa barafu: Mungu amempa rejeta usoni.

Mahali maarufu ni Boulders, katika mji mdogo wa Simon's Town, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Cape Town. Nilifika huko mara moja, nikisindikiza kundi la wafanyabiashara waliokuwa na siku moja ya kupumzika. Nilichokisikia kwanza ni shombo. Harufu ya samaki na mavi ya ndege inakupokea kabla hujakata tiketi. Kisha sauti: punda! Nikageuka kutafuta punda, na mwenzangu mmoja kutoka Arua akaapa kwamba kuna mtu anafuga punda nyuma ya nyumba zile. Ni pengwini dume, anainua kidevu, anafungua mapezi na kulia kama punda wa kubeba maji, na ndiyo maana Waingereza wa zamani walimpa jina la punda.

Njia ya mbao inakupitisha juu ya mchanga hadi karibu kabisa na viota. Nilimtazama mmoja kwa muda wa robo saa. Alikuwa anabeba kijiti. Anakiweka penye kiota, mwenzake anakitoa, anakwenda kukiokota tena, anakirudisha palepale, mwenzake anakitoa tena. Mama mmoja wa kundi letu akasema, "Hawa wameoana kweli." Tulipotoka, kibao kwenye maegesho kilitukumbusha kuchungulia chini ya gari kabla ya kuondoka, na tulipochungulia alikuwepo mmoja kivulini, ametulia, anatuangalia kwa jicho moja kama askari wa getini.

Kitu ambacho wageni wengi hawaambiwi ni kwamba pengwini hao si wenyeji wa zamani wa pale. Kwa karne nyingi walikaa visiwani, ambako chui na simbamangu hawafiki. Walianza kuzaa Boulders mwaka 1982, jozi mbili tu, katikati ya nyumba za watu. Waliweza kwa sababu nyumba zile zilishawafukuza wanyama wakali. Kwa maneno mengine, waliegemea binadamu kama ua. Ua lenyewe lina matundu: mwaka 2021 nyuki waliwaua pengwini 63 kwa usiku mmoja pale Simon's Town, wakiwauma machoni, na mwaka uliofuata mbwa wawili waliotoroka kwao waliua 19.

Kuna mahali pa pili, na kwa maoni yangu ndipo pa kwenda: Stony Point, mji wa Betty's Bay, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Cape Town kwa upande wa mashariki. Zamani palikuwa kiwanda cha kuchinjia nyangumi. Watalii ni wachache kuliko Boulders, njia ya mbao ni fupi, na ndege wanapita miguuni pako wakielekea zao baharini. Boulders ina mambo mawili inayoishinda Stony Point: kuna ufuo jirani ambapo unaruhusiwa kuogelea na huenda pengwini akakupita ubavuni, na pia treni ya abiria ya kutoka Cape Town inafika Simon's Town, kwa hiyo huna haja ya kukodi gari. Stony Point bila gari utateseka. Ukiwa familia ya watu wanne, kodi gari, nenda Stony Point. Ukiwa peke yako na mkoba mgongoni, Boulders.

Wengine huniuliza juu ya kisiwa cha Robben, kwa kuwa wanataka kuona gereza la Mandela. Pengwini wapo pale, lakini ziara ya kawaida ni ya gereza. Usikate tiketi ya boti kwa ajili ya ndege.

Sababu ya kukazania Cape haraka ni hii. Mwaka 1956 Afrika Kusini ilihesabiwa kuwa na jozi 141,000 hivi za pengwini hawa. Leo, ukijumlisha na Namibia, hazifiki 10,000, na Oktoba 2024 waliingizwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kumalizika mwituni. Wataalamu wameonya kwamba kwa mwendo huu mwaka 2035 huenda wasiwepo porini kwa idadi ya maana. Waliporwa kwa zamu. Karne ya 19 watu walikwangua samadi ya ndege visiwani na kuiuza Ulaya kama mbolea, na pengwini walikuwa wakichimba viota ndani ya samadi hiyohiyo. Ilipokwisha wakabaki kutagia juani. Mayai yao yaliokotwa kwa maelfu na kuuzwa mezani. Siku hizi wanagombania sadini na meli za uvuvi. Mwezi Machi 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kuzuia uvuvi wa sadini na dagaa kuzunguka makazi yao sita makubwa kwa miaka 10.

Juni 2000 meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town na mafuta yake yakawapaka pengwini 19,000 hivi. Walisafishwa kwa mikono, mmoja mmoja. Wengine zaidi ya 19,000 ambao hawakupakwa walikamatwa, wakapelekwa kwa malori hadi Port Elizabeth, wakaachiwa baharini warudi nyumbani kwa kuogelea, na wakati huo bahari ya kwao ikawa inasafishwa. Watatu walifungwa vifaa vya satelaiti, wakaitwa Peter, Pamela na Percy, na watu wakafuatilia safari yao siku baada ya siku. Walifika. Hamza hii ameniambia niisimulie mara tatu.

Galápagos: ikweta kwa ikweta

Ukimweka wa Galápagos kando ya wa Cape utadhani ni ndugu waliopishana kimo, na kweli ni wa jamii moja. Wa Galápagos ana sentimita 50 tu na uzito wa kilo 2 hivi. Anaishi kwa ujanja: anataga kwenye nyufa za mawe ya volkano, anahema kama mbwa joto likizidi, na akisimama juani huinamisha mapezi mbele ili yamkinge miguu isiungue. Anazaa wakati wowote chakula kinapopatikana. Hilo nalo linamgharimu. Mwaka wa El Niño maji baridi hukoma kupanda, samaki hukimbia, na pengwini hufa njaa. El Niño ya 1982 na 1983 iliondoa zaidi ya robo tatu yao. Leo hawazidi elfu mbili na kitu.

Kwa mtazamaji, Galápagos inashinda Cape kwa jambo moja kubwa: unaingia majini nao. Unavaa miwani ya kuogelea, na anakupita kama risasi akifukuza samaki, hana habari na wewe. Wengi huonwa kisiwa cha Bartolomé na pembezoni mwa Isabela. Miezi ya Juni hadi Novemba maji ni baridi zaidi na wao huonekana kirahisi zaidi. Wewe utatetemeka, wao watafurahi.

Kwa Mganda, hata hivyo, mfuko ndio unaoamua. Unatoka Entebbe, unapita Ulaya, unashuka Quito au Guayaquil, halafu ndege nyingine hadi visiwani, halafu boti. Kiingilio cha hifadhi pekee kwa mgeni ni dola 200 tangu Agosti 2024, na kabla ya kupanda ndege ya visiwani unalipia kadi ya dola 20. Ukipangiwa njia ya kupitia Marekani, kumbuka kwamba unahitaji viza yao hata kama unabadilisha ndege tu na hutoki nje ya uwanja. Nimeona mtu akirudishwa Entebbe kwa kutolijua hilo, tiketi ya dola elfu mbili imekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Nani aende? Mwenye kupenda bahari na wanyama wote, kwa sababu huko kuna kobe wakubwa na mijusi ya baharini, na pengwini ni kitoweo cha pembeni. Kwenda huko kwa pengwini peke yake ni kununua ng'ombe kwa ajili ya mkia.

Antaktika: picha ya kalenda

Hapa ndipo ilipo ile picha ya kichwani. Meli nyingi huondoka Ushuaia, ncha ya kusini ya Argentina, kati ya Novemba na Machi, huvuka mlangobahari wa Drake kwa siku mbili hivi, na siku hizo mbili wengi hawaonekani mezani. Ukifika, unashushwa kwa vimashua, watu wasiozidi 100 ufukweni kwa wakati mmoja, na unaagizwa usimkaribie ndege chini ya mita 5. Yeye akikukaribia hajavunja sheria. Bei ya meli ni nadra kushuka chini ya dola 5,000 kwa mtu mmoja, na hapo hujafika Ushuaia bado.

Utawaona kwa maelfu: adélie, chinstrap mwenye kamba nyeusi kidevuni, gentoo mwenye mdomo wa rangi ya chungwa. Ambaye yumkini hutamwona ni emperor, na hapa nina kinyongo. Mteja wangu aliuziwa na wakala fulani wa mtandaoni safari "ya emperor", akalipa, akaenda, akarudi na picha za gentoo. Emperor huzaa wakati wa baridi kali, kwenye barafu ya bahari, meli za watalii zisipofika. Dume hukaa na yai juu ya miguu yake siku 65 hivi bila kuliacha, hali chakula, wamebanana mamia kwa mamia migongo kwenye upepo, baridi ikishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Kuwafikia kunahitaji safari maalumu ya helikopta, na bei yake sithubutu kuitaja mbele ya dada yangu.

Nao hawako salama. Barafu ya bahari ndiyo kitanda chao cha kulelea. Mwaka 2022 ilivunjika mapema katika bahari ya Bellingshausen, na kati ya makundi matano ya eneo hilo manne yalipoteza vifaranga vyote. Manyoya yao ya kuogelea yalikuwa hayajaota.

Dubai: usicheke

Nusu ya wateja wangu huenda Dubai kila mwaka kuchukua mzigo wa nguo na vipuri. Ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates kuna Ski Dubai, chumba kikubwa chenye theluji, na tangu 2012 kuna pengwini aina ya king na gentoo. Nje nyuzi 40, ndani chini ya sifuri. Kila siku hutolewa watembee mbele ya watu, na kwa ada ya ziada unaingia ukakaa nao karibu.

Ni kweli kwamba hapo hujifunzi pengwini anaishi wapi, unajifunza umeme unaweza nini. Lakini mwenye watoto wawili na safari ya mzigo tayari amelipia tiketi, na saa mbili za jioni zinatosha. King ana karibu mita moja, shingo ya dhahabu, na mtoto atasimama uso kwa uso naye. Cape haimpi hilo. Kinachokosekana ni shombo, na ugomvi wa kijiti, na bahari. Mimi ningeenda, kisha ningewaambia watoto kwamba hawa ni wageni kama sisi, viza yao ni mashine.

Wengine kwa ufupi

Lüderitz, Namibia, kuna boti zinazopita karibu na kisiwa cha Halifax. Ni ndege walewale wa Cape, kwa mbali, kwa upepo mkali. Nzuri ukiwa Namibia tayari. Punta Tombo nchini Argentina wako wa Magellan kwa malaki, Septemba hadi Aprili. Phillip Island nchini Australia kila jioni pengwini wadogo kuliko wote, kilo moja tu, hutoka majini kwa vikundi kwenda kulala. Mwenye ndugu Melbourne asikose.

Tarehe na makaratasi

Nirudi kwa Cape, maana ndiko ninakowapeleka tisa kati ya kila wateja kumi. Mganda anahitaji viza ya Afrika Kusini, na kwa mtoto utaulizwa cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi wote wawili, basi anza miezi miwili kabla. Kadi ya homa ya manjano ni lazima, na wanaiangalia kweli. Entebbe hadi Johannesburg ni kama saa nne angani, na Johannesburg hadi Cape Town saa mbili.

Wengi wanataka Desemba kwa sababu ya likizo. Mimi huwavuta waende Mei. Desemba Cape imejaa wenyeji walio likizoni, hoteli zimepanda, na pengwini wengi wako katika kubadili manyoya: kwa wiki tatu hivi hawawezi kuingia majini, hawali, wanasimama wamevimba na kuchanika kama mto uliotoboka. Mtoto atauliza kama wanaumwa. Likizo ya Mei vifaranga ni wengi, wa manyoya ya kahawia laini, wanafukuzana na wazazi wakidai chakula. Mvua ya baridi huwa imeanza, kwa hiyo beba koti. Nenda alasiri, wakubwa wanaporudi kutoka baharini: wanaibuka kwenye povu, wanajikung'uta, wanapanda mchangani kwa foleni kama watu wanaoshuka teksi Old Taxi Park.

Dada alisikiliza yote haya tukiwa ndani ya gari kurudi Kampala, akafungua simu akahesabu, akafunga, akahesabu tena. Tulipofika Busega kwenye msongamano akaniambia, "Shika viti vitatu vya Mei. Wewe ndiye utakayeendesha hiyo gari ya kwenda Stony Point." Kutoka kiti cha nyuma Hamza akauliza kama anaweza kuwabebea mukene wa kukausha. Nikamwambia kuwalisha ni marufuku. Akanyamaza hadi Natete, kisha akauliza, je, akila yeye mwenyewe mbele yao?